Nchi Isiyokuwa na Viti

Kosa lilikuwa lake, na Mwalimu Zuberi Shemdoe hulikubali kabla hujamaliza kumuuliza. Pale langoni mwa nchi ya Chaguachagua, ofisa alipotaka kujua amefuata kitabu gani, alijibu, "Chochote, bwana mkubwa, mradi kina maswali."

Alitania tu, kama anavyowatania akina mama wa mchicha sokoni kwao Muheza. Ofisa hakucheka. Aliweka kalamu chini, akavua miwani, akaivaa tena, akamtazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

"Umesema neno gani?"

"Chochote."

"Analirudia!" ofisa aliwaambia walinzi. "Mnasikia? Analirudia mbele yangu!"

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Mwalimu aliangaza macho huku na huku, akaona chini ya lile lango kubwa la mbao kitabu kikuukuu kisicho na jalada, kimechomekwa kama kabari ili mlango usijifunge. Akainama, akakichomoa. "Hata hiki kinatosha," akasema. Lango, ambalo lilikuwa halijafungwa tangu wazee wa pale wakiwa watoto, likajibamiza nyuma yake kwa kishindo, na kunguru wote wakaruka.

Ofisa yule aliitwa Bwana Dibaji, Mkuu wa Lango. Alitoka ofisini mbio, akakizunguka kitabu bila kukigusa.

"Kishike mwenyewe," alisema. "Mimi nikikishika, kesho mji mzima utasema ofisi inakipendekeza. Hicho sasa ni kielelezo. Una kesi, Mwalimu. Kuchukua kitabu bila kusikiliza maoni."

Kikafungwa kwa kamba ya mkonge, kamba ikapigwa lakiri, na Mwalimu akaamriwa akibebe kwapani bila kukifungua mpaka Baraza litakapomwita.

"Na Baraza linakaa lini?"

"Halikai," Bwana Dibaji alisema. "Linasimama. Huku kwetu hakuna anayekaa."

Mwalimu alidhani na yule naye anatania.

Namna alivyofika huko si hoja. Hoja ni kilichompeleka. Mwalimu Zuberi alikuwa na diploma, na kwa diploma ile alifundisha hisabati sekondari mpaka mvi zikaanza kumchungulia masikioni. Ndipo akaomba ruhusa akasome digrii. Masomo yote yalimwendea vizuri, isipokuwa moja: uchanganuzi wa namba halisi. Ni kalkulasi ile ile aliyoifundisha miaka nenda rudi, ila safari hii huulizwi jibu ni ngapi. Unaulizwa umejuaje. Naye, kila alipoulizwa amejuaje, alikuwa na jibu moja: alifundishwa hivyo. Akaanguka. Sasa alikuwa na sapu mbele yake, ule mtihani wa marudio, na akianguka tena anadisko, chuo kinamwondoa, anafunga begi anarudi Muheza kwa wanafunzi waliomuaga kwa ngoma na keki.

Wenzake chuoni walimwambia shida si yeye, shida ni kitabu. Nenda Chaguachagua, walisema, hakuna watu duniani wanaojua vitabu vya somo hilo kama wale. Mkewe, Mwanamkasi, alimfungia visheti kwenye kopo la maziwa ya unga. "Rudi kabla havijaisha," alimwambia. "Vikiisha, na likizo imeisha."

Basi Mwalimu akaingia mjini, kielelezo kwapani, kopo mkononi, na cha kwanza alichotafuta ni mahali pa kupumzisha miguu. Hapakuwapo. Vibarazani hapakuwa na benchi. Migahawani watu walikula wima, sahani kiganjani. Maktaba ilikuwa ukumbi mrefu wenye rafu mpaka darini na sakafu tupu inayong'aa, imelainishwa na nyayo, na ndani yake watu walipita kama maji ya mfereji: anachukua kitabu, anafungua mwanzo, anatikisa kichwa, anarudisha, anachukua kingine. Wakikutana njia panda hubadilishana. Hawaulizani habari za nyumbani. Salamu ya pale ni "Una kipi?" na jibu lake ni "Nakiacha."

Alipata chumba kwa Bi Jalada, mama wa makamo mwenye sauti ya kichovu na macho mazuri. Chumba hakikuwa na kitanda wala mkeka. Ukutani ulining'inia mkanda mpana wa turubai.

"Unajifunga hapa kifuani, unaegemea," Bi Jalada alimwonyesha. "Utazoea."

"Dada yangu, hata punda hulala chini siku moja moja."

"Punda hana la kuchagua." Alimpakulia ubwabwa na maharage, wakala wakiwa wameegemea ukuta. "Umekuja kwa mtihani?"

"Sapu."

"Na mimi nilikuja na sapu."

Mwalimu alimwangalia. "Ikawaje?"

"Nangoja toleo jipya. Wanasema sura ya tatu wameirekebisha."

"Ile ya zamani ilikuwa na kosa gani?"

"Nitajuaje, kaka? Sijaifikia." Alisema bila aibu yoyote, akaongeza maharage.

Siku zilizofuata Mwalimu alijifunza sheria za nchi. Hairuhusiwi kufungua sura ya pili kabla ya kusikiliza maoni yote juu ya sura ya kwanza, na maoni hayana mwisho kwa sababu kila siku huzaliwa mtu. Hairuhusiwi kufanya swali la zoezi hadharani, maana ni kujionyesha. Na iliyo kubwa kuliko zote: mtu aliyekisoma kitabu mpaka mwisho haruhusiwi kumshauri mwingine.

"Hiyo sasa mmepindua," Mwalimu alimwambia Bwana Dibaji, aliyekuwa anamfuatilia kila asubuhi kukagua lakiri. "Si huyo ndiye wa kuulizwa?"

"Huyo ana upendeleo. Amekipenda, au amekichukia. Sisi tunataka ushauri wa watu wasioegemea upande." Bwana Dibaji alisema hivyo akiwa ameegemea nguzo. "Aliyemaliza tunamsindikiza kwa heshima mpaka lango la nyuma."

"Anakwenda wapi?"

"Kwenye mitihani, nadhani. Hatufuatilii."

Mji uligawanyika vyama viwili. Wembamba walishikilia kitabu chembamba, chepesi kama kaki, ambacho hakirudii jambo. Wanene walishikilia kitabu kinene kinachokueleza mpaka usingizi ukupate. Hawakuwa na bendera wala ofisi, ila ukipita popote uliwasikia.

"Kitabu chenu kila ukurasa kinasema 'ni dhahiri'!" Mnene mmoja alifoka penye njia panda.

"Kama kwako si dhahiri, ndugu yangu, hilo ni la kichwa, usilisingizie kitabu."

"Afadhali chetu kinalea. Chenu kinaua!"

"Ndiyo, kinaua! Anayebaki ndiye mwanahisabati."

"Amebaki nani?"

Mwembamba alifikiri. "Hilo ni swali la watu wa takwimu," alisema, na watu wakampigia makofi.

Kisha mmoja akageuka. "Wewe mgeni wa kabari, unasemaje?"

Mwalimu hakuwa amekisoma hiki wala kile. Lakini watu walikuwa wamemzunguka, wanamtazama, na yeye tangu utoto hajawahi kuachia umati uondoke bila kucheka. "Mimi naona hivi," alisema. "Hicho chembamba ni daktari asiyejua kutoa pole. Hicho kinene ni shangazi anayekupa pole na hujaumwa."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Kabla ya jua kupanda vizuri maneno yake yalikuwa yamezunguka mji, na kesho yake aliitwa njia panda nyingine, na nyingine. "Leteni yule wa shangazi!" Alisifia, alikandia, alilinganisha karatasi, alisema hiki kina harufu ya mtihani, kile kina harufu ya jikoni. Wembamba walimwita wao, Wanene walimwita wao. Miguu ilimvimba. Aliacha hata kuutafuta usingizi, maana akijifunga ule mkanda wa turubai mwili ulikuwa unaegemea, lakini visigino vinaendelea kupiga sakafu vyenyewe, kama cherehani. Kielelezo kilikuwa kwapani muda wote, kamba yake imemchubua, naye alishakisahau kama mtu anavyosahau pete.

Asubuhi moja Bi Jalada alimkuta mlangoni anavaa viatu haraka haraka.

"Wapi tena?"

"Maktaba. Leo nawapambanisha Mwembamba na Mnene, watu watacheka mpaka wajikojolee." Aliingiza mkono kwenye kopo achukue kisheti cha njiani. Vidole vikagonga bati. Akapapasa. Akatoa chenga za sukari na unywele mmoja wa Mwanamkasi.

Alisimama pale na mkono mtupu. Akajaribu kukumbuka ni kitu gani amejifunza tangu aingie nchi hii, kitu kimoja tu ambacho angeweza kukiandika kwenye karatasi ya mtihani, na akakumbuka vichekesho.

"Bi Jalada," alisema. "Hiyo sapu yako. Walikungojea?"

Bi Jalada alichukua kopo, akachungulia ndani, akamrudishia. "Mwanzoni waliandika barua," alisema. "Wakauliza, umeshapata kitabu? Nikawajibu, bado kidogo." Akaenda jikoni, na ule uchovu wa sauti yake Mwalimu akautambua sasa kuwa si wa kazi.

Alitoka mbio mpaka ofisi ya lango. "Nihukumuni leo," alimwambia Bwana Dibaji. "Nifungeni, nifukuzeni, mnavyotaka. Ila iwe leo."

"Una haraka gani, Mwalimu? Watu ndiyo wanaanza kukupenda."

"Ndiyo hiyo haraka yenyewe."

Baraza lilisimama mchana ule ule, kwenye ukumbi wa maktaba, mbele ya Mheshimiwa Fahirisi, hakimu mrefu, mwembamba wa mwili lakini Mnene wa chama. Katikati ya ukumbi walinzi walileta kitu kilichofunikwa shuka. Waliposhusha shuka, akina mama walifunika nyuso za watoto. Kilikuwa kiti. Kiti cha kawaida cha mbao, cha mikono, kimoja tu katika nchi nzima, na kiliwekwa kwa ajili ya washtakiwa, kwa kuwa pale aibu kubwa kuliko zote ni kuonekana umetulia mahali pamoja.

"Kaa," mlinzi aliamuru.

Mwalimu akakaa. Nusura alie kwa raha.

Lakiri ikavunjwa, kamba ikakatwa. Bwana Dibaji akasoma mashtaka, kisha Mheshimiwa akauliza swali la kwanza, ambalo kwa desturi yao ndilo humaliza kesi: "Kitabu hicho kinaitwaje?"

Mwalimu alikigeuza. Jalada hakuna. Ukurasa wa jina hakuna. Dibaji yake, maana vitabu vyote vya pale vina dibaji ndefu, ilikuwa imeliwa na mlango zamani. "Mheshimiwa, hakina jina."

"Ni chembamba au kinene?"

Bwana Dibaji akasogeza kidole, bila kugusa, akakadiria. "Cha katikati, Mheshimiwa. Lakini hatujui kurasa ngapi zimeng'oka. Huenda kilikuwa kinene kikakonda. Huenda ni chembamba kimevimba kwa mvua."

Ukumbi ulianza kuguna. Wembamba walisema kama ni chao, mgeni aachiwe. Wanene walisema kama ni chao, aombwe radhi. Hakuna aliyeweza kusema ni cha nani.

"Si msome ukurasa mmoja?" Mwalimu aliuliza. "Mtajua."

Zogo lililozuka hapo halielezeki. "Mheshimiwa!" Bwana Dibaji alipiga kelele. "Mshtakiwa analishauri Baraza lisome!"

Mheshimiwa Fahirisi alinyanyua mkono mpaka wakatulia. Akatoa uamuzi, na kwa sheria za pale ulikuwa uamuzi safi kabisa: kitabu hakiwezi kusomwa kabla ya kutolewa maoni, maoni hayawezi kutolewa kabla ya kujulikana jina, na jina halijulikani. Kwa hiyo mjadala uendelee. Mshtakiwa abaki kitini, akishike kielelezo wazi mapajani, kila mpitaji akione.

Mjadala ukaanza, na watu wakaanza kutembea, maana hawajui kujadili bila kutembea. Mwalimu alibaki katikati yao kama nguzo kwenye soko. Ile raha ya kukaa ilimwisha mara. Magoti yakaanza kucheza. Kila kundi lilipopita alitafuta jicho la mtu amtupie neno, apate kicheko kimoja cha kumshikilia. Akanyanyuka; mlinzi akamsukuma bega. "Kaa." Akanyanyuka tena. "Kaa, Mwalimu, usitutie aibu."

Akakaa. Hakuwa na pa kutazama tena isipokuwa mapajani.

Ukurasa ulikuwa wa kikomo cha mfuatano. Chuoni alikariri maelezo yake na herufi zote za Kigiriki, akayaandika kwenye mtihani neno kwa neno, na hakuyaelewa. Hapa yaliandikwa hivi: mwenzako akupe ukaribu wowote apendao, hata uwe mdogo namna gani, nawe umwonyeshe pa kuanzia, ambapo tangu hapo namba zote zimo ndani ya ukaribu huo na hazitoki tena.

Alisoma mara ya pili, taratibu. Mwenzako akupe. Nawe umwonyeshe.

"Kumbe ni ubishi," alisema kwa sauti.

Ni watu wawili sokoni. Mmoja mkorofi, haridhiki: nipe karibu zaidi. Mwingine mvumilivu: haya, anzia hapa. Zaidi! Anzia hapa basi. Mkorofi anaendelea kubana, na mvumilivu hakosi jibu hata siku moja, na kwa sababu hiyo tu, kwa sababu hakosi, ndiyo tunasema namba zile zinafika. Mwalimu Zuberi alibishana na akina mama wa mchicha maisha yake yote. Ubishi ule alikuwa anaujua mpaka mdundo wake.

Mfukoni alikuwa na kipande cha chaki, kama mwalimu yeyote. Akainama, akaanza swali la kwanza sakafuni, pale palipong'arishwa na nyayo. La kwanza lilikuwa jepesi. La pili lilimtoa jasho, akalifuta, akaliandika upya, likakubali. La tatu lilisema: namba zinakwenda moja, hasi moja, moja, hasi moja, hivyo hivyo daima. Onyesha kwamba hazina kikomo.

Akanyanyua macho kidogo kutafakari. Mbele yake Mwembamba mmoja alikuwa anampokea Mnene kitabu chake, na kumpa cha kwake. Wakaachana. Wakafika ukutani, wakageuka, wakakutana, wakarudishiana.

Mwalimu alicheka peke yake. Hakumwambia mtu. Akaandika: tuseme kuna mahali wanafika. Namdai ukaribu wa nusu tu. Basi moja na hasi moja wote wako ndani ya nusu ya mahali hapo, na hivyo wao kwa wao hawawezi kupishana hata kwa moja nzima. Lakini wanapishana kwa mbili. Hakuna mahali.

"Anafanya nini yule?" mtu aliuliza.

"Anafanya maswali!"

"Hadharani?"

Bwana Dibaji alikuja mbio kumzuia, akafika, akakwama. Kumzuia ilibidi amnyang'anye kitabu, na kitabu hakigusiki. Alibaki anamzunguka. "Mwalimu, tafadhali. Kuna watoto."

Bi Jalada alikuwa amesogea mpaka karibu na kiti. Alitazama maandishi ya chaki, macho yanakwenda mstari kwa mstari, yanarudi. Halafu akafanya jambo ambalo Baraza zima liliona: akakunja kanga, akaketi sakafuni.

"Hapo kwenye nusu," alisema. "Ungemdai robo?"

"Ingekubali pia."

"Na mbili?"

Mwalimu akafikiri. "Mbili ningekwama. Kubwa mno, wangeenea wote."

"Ehee," alisema Bi Jalada, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na uchovu. "Endelea. La nne nisomee mimi."

La nne walilitoa wote wawili, wakisukumana. La tano lilikuwa mstari mmoja tu. Mfuatano unapanda daima, na kuna dari ambayo hauivuki. Thibitisha kwamba una kikomo.

Mwalimu aliandika mara moja: Ni dhahiri. Akatazama alichoandika. Akakifuta kwa kiganja.

Unapanda. Hauvuki dari. Basi lazima ufike mahali. Kila mtu anaona. Lakini umejuaje? Dari si lazima iwe ndipo panapofikiwa. Dari inaweza kuwa juu mno. Mahali penyewe ni wapi? Nani kasema papo? Akaweka chaki, akainyanyua. Bi Jalada alitikisa kichwa, naye hakujua. Nje, kule alikotoka, likizo ilikuwa inaisha, kama haijaisha, na swali kama hili lilikuwa linamngoja kwenye karatasi.

Akanyanyua kichwa, akawatazama watu wa nchi inayojua vitabu kuliko nchi zote.

"Jamani," alisema. "Sitaki kitabu tena. Hiki kinanitosha. Kuna yeyote hapa amewahi kufanya swali kama hili? Anionyeshe pa kuanzia."

Miguu ikasimama. Vitabu vilivyoegemezwa vibaya rafuni vikasikika vinajilaza. Bwana Dibaji alivua miwani, akaifuta, hakuivaa. Mheshimiwa Fahirisi alitazama dari. Wembamba waliwatazama Wanene, na Wanene wakatazama vidole vyao vya miguu.

Mwalimu alingoja, chaki hewani.

"Hata mstari wa kwanza tu, jamani?"